Wamkwe Si Jina la Mbegu

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuitika, lakini nina hasira na sina wa kumwambia ila wewe.

Unakumbuka nilivyopanda kwako mlimani na bahasha za maabara, kukusanya mbegu za zamani? Soko huria lilikuwa limeingia, malori yanafika hadi chini ya mlima kununua mpunga, na wenye malori wanataka aina moja tu, ile nyeupe. Kijiji kizima kiliifuata, hata wewe. Mpunga wako wa zamani ulibaki nusu kibuyu. Ukaumimina wote kwenye bahasha yangu.

"Unaitwaje huu, Bibi?"

"Wa mkwe. Alinipa mama mkwe nilipohamia kwake. Haya mke mwenzangu, nitunzie. Usije ukaupika!"

Tulicheka sana. Kwenye bahasha nikaandika "Wamkwe", neno moja, kama mjinga.

Nyumba ya tatu kutoka kwako, Bi Zuhura naye akanipa wake. Wa mkwe, akasema. Mkwe wake, si wako! Maabara tuliotesha punje chache za kila bahasha, tukakata majani ya kupimia. Kisha mkuu wangu akaona Wamkwe mbili kwenye orodha.

"Jina moja, mbegu moja. Tupa moja, kabati limejaa."

Mimi, mtoto wa milima ile, ninayejua kila nyumba ina mkwe wake, nikaichukua bahasha yako. Nilimwogopa. Nikamwaga wako nyuma ya jengo, na kuku wa mlinzi wakaula nikiwaona.

Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema, mpunga mweupe ukabaki masuke matupu. Ukashuka mjini na magoti yako yale mabovu, nikakupokea stendi ya mabasi ya Msamvu.

"Nimefuata mbegu yangu. Ile huwahi kuiva, haingoji mvua."

Nikakuambia bado tunaichunguza. Ukasema haya, mambo ya wasomi hayana haraka, ukarudi na mfuko mtupu.

Juzi vipimo vya vinasaba vimetoka. Kila mbegu huonekana kama vistari kwenye picha, na vistari vya mpunga wako havifanani na vya Bi Zuhura wala vya mwingine wowote tuliokusanya. Mkuu aliionyesha picha ile ukumbini, akauita utajiri wa taifa. Watu wakapiga makofi. Utajiri gani, Bibi? Kilichobaki ni tone la maji ya majani ndani ya friji, na tone halipandwi! Nikasimama nikasema mbegu hiyo tuliitupa. Akaniambia nikae, nisiharibu shughuli ya watu. Sikukaa.

Lakini nilichelewa, na hilo ndilo linaloniuma. Wiki uliyofariki ulimtuma mjomba aniulize kama uchunguzi umekwisha. Umekwisha, Bibi. Siku ile Msamvu mbegu yako haikuwepo tena. Niliimwaga mimi.

Mke mwenzio,
uliyempa akutunzie