Zamu ya Dada kwenye Majitaka

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko kazini? Sisi wazima. Kifua cha mama kimepungua, anakusalimu. Mimi nipo, najikokota.

Mwaka wa pili huu tangu utujengee mtambo wako. Maji ya vyoo ya nyumba themanini yanapita kwenye chujio la nondo, yanatulia tangini, yanapenya kwenye matete, ndipo yanaingia ziwani hayana hata harufu. Hapo nakuvulia kofia. Ila uliniambia chujio husafishwa mara moja kwa wiki. Nalisafisha mara tatu kwa siku! Nepi, manyoya ya kuku, jana soksi. Kikundi cha kushona wamenihamishia kiti na cherehani mlangoni, wananiita Mama Majitaka. Wanaziba pua nikipita, utadhani vyoo vyao vinatoa marashi.

Nitafutie mwenzangu. Nimechoka.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Mama aendelee kupona. Tatizo ni watu kutupa takataka chooni. Nakutumia bango ulibandike, na glovu. Vumilia kidogo, mwakani nitaongea na wakubwa.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Glovu zote ni za kushoto. Bango nililibandika Jumatatu, Alhamisi nikalikuta kwenye chujio.

Sina la ziada.

Dada yako

29 Mei

Dada, shikamoo.

Mbona kimya? Fundi baiskeli kapita hapa, anasema watoto huko wanaharisha. Mtambo una nini? Nijibu, tafadhali.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Mimi usiniulize.

Tarehe kumi na tano Mei niliegemeza reki ukutani nikarudi nyumbani. Sikumuaga mtu. Chujio likaziba, maji yakafurika, yakafuata mtaro hadi pale tunapoteka maji ya kunywa. Siku ya tisa watoto wakaanza kuugua. Binti wa mwenyekiti wa kikundi cha kushona alilazwa siku nne, dripu mkononi.

Nilikwenda zahanati. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, "Ulijua yatafurika?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mwaka mzima. Mlikuwa mmeziba pua, kumbe na masikio."

Nikajiona nimemjibu. Kisha nikamtazama yule mtoto, midomo imekauka, nikatamani ardhi inimeze.

Binti kapona. Kesho yake baada ya kutoka zahanati, mama yake alikuja mtamboni na wanawake watano wamevaa gambuti. Hakuna aliyeomba radhi, wao wala mimi. Tukazoa tope hadi jioni. Wawili walitapika. Mwenyekiti akainama kwenye chujio, akauliza, "Nani kabananisha nondo hivi? Hata uzi haupiti."

Nikamwambia jibu nitalitafuta kwako. Wewe unalo?

Dada yako

24 Juni

Dada, shikamoo.

Ninalo. Nafasi ya nondo niliinakili kwenye ramani ya mtambo wa mjini, ambako mashine husafisha chujio kutwa nzima. Huko kijijini mashine ulikuwa wewe. Nililigundua kosa mwezi ule ule mlipoanza. Nikakaa kimya, nikihofia wakaguzi wasije wakanifuta kazi. Kila uliponiandikia umechoka, nilijua kwa nini.

Mzigo wa mtoto yule usiubebe peke yako.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi na chujio nililochomelea mwenyewe. Nikishalifunga nitakwenda kwa mwenyekiti. Usinisindikize.

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama, na malengelenge ya viganja yamekauka. Mama anacheka kila akikumbuka ulivyotembea katika zile gambuti.

Chujio tunalisafisha asubuhi tu. Tuko saba, zamu zangu ni Jumanne na Ijumaa. Mwenyekiti kaniambia alikusikiliza hadi mwisho na hakukupa kiti. Usimlaumu. Binti yake bado hanywi maji mpaka mama yake atangulie kuonja. Nami wananisalimia, lakini cherehani yangu bado iko mlangoni. Sijaomba kuihamisha.

Leo si zamu yangu. Nimekaa kizingitini tangu asubuhi, mikono sijui niiweke wapi. Mama amesema niache kuandika nikajinyooshe.

Naenda.

Dada yako