Sheri Ametangulia Kirungu

Kalemie, Siku ya Mungu baada ya misa

Mama yangu mupenzi,

Jambo Mama, jambo sana. Magoti yako je? Baridi ya huko Kirungu imeyaachilia, ama bado unakwenda kanisani kwa kushika kuta za watu? Na maharagi, mvua haikuyaozesha? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Mujukuu wako Josefina anatembea sasa, na kila anachofikia anakivunja. Habari za moyo wangu utazisikia humu ndani. Najua Papa Katekista njo anakusomea. Papa Katekista, nakusalimia kwa heshima, lakini tafadhali usiruke hata neno moja. Yale ya haya pia, soma tu.

Mama, mukwe wako ameniletea mukemwenza.

Usilie kwanza. Si muntu, ni kamotokari ka kuchezea, ka plastiki, urefu wake toka kiwiko changu mpaka vidole. Unashika telekomande yenye anteni mukononi, nako kanakwenda mbali, kanapinda, kanarudi, bila kamba. Ni ajabu, sikatai. Unakumbuka yule muzungu enjinieri ambaye mukwe wako alikuwa anamutengenezea jenereta? Alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwambia achague kitu kimoja ndani ya nyumba kama zawadi. Kulikuwa na cherehani ya miguu, Mama. Niliiona kwa dirisha kwa macho yangu. Asubuhi nilimwambia, na akiwa anavaa viatu nikamurudilia: cherehani, Papa Josefina, cherehani. Akarudi na sanduku ya karatasi kwa kichwa, anacheka peke yake kama bwana harusi.

Tangu hapo mimi ni nani? Kila jioni akitoka kazi yake ya atelie anakaa chini, anakatoa magurudumu, anakafungua tumbo, anakapangusa vumbi kwa muswaki. Muswaki wangu. Pinyo, yale magurudumu madogo ya meno yanayozungusha mengine, anayapaka mafuta yangu ya nywele. Kwa amortisa zake, zile springi za kukarusha barabarani, alitia kwanza mawese ya jikoni kwangu. Asubuhi ya baridi mawese yakaganda, Sheri akatembea kama bibi mwenye baridi yabisi, basi akaenda kununua mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani, Mama! Cherehani yenyewe sina. Na kuran, umeme, ikirudi katika muji, wa kwanza kula ni batri yake. Pasi yangu inangoja.

Ndiyo, nimesema Sheri. Njo jina alilokapa, 'mupenzi' kwa Kifaransa. Lile lile alilokuwa ananiita mimi wakati alipokuja kuniposa, na nyinyi jikoni mulikuwa munacheka mpaka ugali unaungua. Leo mimi ni Mama Josefina, na Sheri ni yule wa magurudumu.

Niko na wivu. Nilifikiri nitaona haya kuliandika neno hilo, lakini sioni. Wivu unanila kama mchwa unavyokula mulango. Siku moja nilimwambia, akaniangalia kwa huruma.

"Mama Josefina, unaonea plastiki wivu?"

"Plastiki njo unaipangusa uso?"

"Si uso, ni karoseri, ngozi ya motokari."

"Basi nami nipanguse karoseri."

Akacheka, akarudi kwa pinyo yake. Na pinyo hiyo, sikia. Jino moja lilipovunjika, Sheri alikuwa anazungushwa uani na mutoto wa jirani, na mukwe wako alikuwa chooni. Akatoka mbio anafunga mukanda: "Jino! Kuna jino limekatika!" Alisikia tokea chooni, Mama. Mimi dispanseri walining'oa jino la mbele kabisa, hili la juu, shavu likavimba kama embe, na mwezi muzima alikula mezani na muntu mwenye pengo bila kuliona.

Siku ya Mungu wanakimbizana kwenye ule uwanja wa tenisi wa wazungu wa zamani, yeye na mu-Greki mwenye duka, kila mumoja na kamotokari kake. Nilikwenda mara moja, nimesuka, nimevaa. Muji muzima uko pale, watu wanapiga makofi: "Sheri! Sheri!" Nami nikageuka, Mama. Nilifikiri ni mimi. Kisha kakapinduka kando ya mutaro, na mukwe wako, bila kunitazama, akapaza sauti: "Mama Josefina, kimbia ukasimamishe!" Nikakimbia na viatu vyangu vya misa. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Nilikasimamisha, ndiyo, ningefanya nini?

Hayo yote ningemeza. Muke anameza. Lakini sasa fika pale panaponiuma.

Uliponiandikishia barua kwamba wajomba wanataka kuondoa matanga ya Papa, na kwamba hawawezi bila mukwe kuketi nao chini na kulia kilio chake, nilimusomea barua mara mbili. Akasema atelie haitoi konje, ruhusa ya kuacha kazi siku chache. Akasema mashua za Moba, za kuja huko kwenu, ni hatari majira haya. Wajomba wakasogeza siku kwa ajili yake, nawe ukaendelea kuvaa nyeusi. Kisha akaniambia atelie inamutuma Bujumbura. Akaenda kwa mashua, ziwa lile lile la hatari, akarudi amechomwa na jua, na mfukoni ana mota mupya, mwekundu, umefungwa kwa kitambaa. "Sheri sasa atamuacha mu-Greki vumbini," akasema. Nami mujinga nikamupashia maji ya kuoga.

Juma lililopita sokoni nikakutana na muke wa shefu wake. Akanishika mikono miwili.

"Pole sana kwa Papa yako, Mama Josefina. Bwana yangu alimupa mume wako konje kwa ajili ya kilio. Huko Kirungu kulikwendaje?"

Mama, nilisema kulikwenda vizuri. Ulimi wangu njo ulisema, mimi nilikuwa nimekwisha kufa. Ametumia kilio cha Papa kwenda kumununulia yule mota! Wewe umevaa nyeusi unamungoja, naye anamuvisha mwengine nyekundu.

Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo. Kweli. Nikakaweka katikati ya uwanja, nikainua. Kisha nikaona kalivyofunikwa. Unakumbuka kile kitenge Papa alichonipa siku ya ndoa, chenye ndege wa manjano? Alikuwa amekata pembe yake kumufunikia Sheri vumbi. Nikaketi, nikalia. Na nilipomaliza kulia nikapata akili nyingine.

Ndani yake kuna kitu anachokiita kwarsi. Ni kadogo kama punje ya muhindi, ka rangi ya fedha, kana miguu miwili myembamba kama ya mende. Yeye mwenyewe alinifundisha, siku za kwanza alipokuwa bado anataka nikapende. Ziko mbili, moja kwa Sheri, moja kwa telekomande, na zinasikiana zenyewe tu. Toa moja, nyingine itaita mpaka batri iishe, hakuna wa kuitika. Na Kalemie hazipo, hata kwa mu-Greki. Nilikang'oa ka Sheri, nikakafunga ndani ya ile pembe ya kitenge cha Papa. Mama Tereza muuza samaki, anayekuletea barua hii pamoja na ndagala, ana hicho kifurushi ndani ya sidiria yake. Muke akikosewa anarudi kwao, mume anamufuata. Basi nimemutuma mukemwenza atangulie.

Jana alimuita Sheri, Sheri hakuitika. Akafungua, akafunga, akapulizia, akaomba Rozari. Akapindua vitanda. Mwishoni akatambaa mpaka miguuni pangu na taa, anatafuta chini ya kiti changu, akainua uso, taa ikanimulika mudomo.

"Mama Josefina, jino lako liko wapi?"

Nilitaka kumupiga. Nilitaka pia kumuvuta Mama Tereza arudishe kifurushi, nasema kweli, kwa ajili ya neno hilo moja. Nilikaza moyo. Nikamwambia: "Jino liko dispanseri. Kwarsi iko Kirungu kwa Mama." Hakunitukana. Kisha akauliza mashua ya Moba inaondoka siku gani. Konje ataipata vipi sijui, shefu atamuuliza baba mukwe anakufa mara ngapi. Ni shauri yake. Kesho anakwenda kumuona.

Musalimie Mujomba Laurenti mukubwa wa matanga, umwambie asisogeze siku tena. Musalimie Bibi anayekaa na tumbako yake karibu na moto, na dada yangu mudogo Agata, nimemuwekea kitambaa cha kichwa. Papa Katekista, asante kwa sauti yako, na yaliyosomwa hapa yabaki hapa.

Sasa Mama, neno la mwisho. Tutakuja wote watatu, mimi, yeye na Josefina, na telekomande kikapuni, kwa mashua itakayofuata. Njiani sitamufundisha kitu. Atakapofika mulangoni, usimusaidie, simama tu umusikilize. Akianza kwa kusema, "Poleni kwa Papa," mukalishe chini na wajomba, alie, akule, na matanga yakiisha umupe Sheri wake, nami nitabeba telekomande mwenyewe mpaka Kalemie. Lakini neno la kwanza likiwa ni hiyo kwarsi, umupe pale pale, na chai ya njiani umupe. Kisha, Mama, unitandikie kitanda changu cha zamani.

Ni miye mutoto wako, muke mukubwa wa mukwe wako,

Veronika