Nilificha Namba, Nikaonyesha Kinywa

Mpendwa Mshauri, nakuandikia nikiwa mtu mwenye furaha, na najua barua za namna hiyo hazikufikii mara nyingi, lakini naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, kwa sababu furaha yangu imekaa juu ya siri ya mtu mwingine na mwenyewe hajui.

Mimi ni fundi wa meno bandia, nina miaka ishirini na saba, nilisomea kazi hii chuoni na sasa nafanya kazi na mjomba wangu, kaka yake mama, katika chumba kilicho nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, chumba chenye dirisha moja, sinki lenye ukoko wa plasta usiobanduka, na meza mbili zinazotazamana. Huenda hujawahi kufikiri kwamba watu kama sisi tupo, na ndivyo kazi ilivyopangwa, maana mgonjwa humwona daktari tu, sisi tunaletewa umbo la kinywa chake lililomiminwa kwa plasta pamoja na karatasi yenye namba na maelekezo, tunachonga nta, tunapanga meno, tunatengeneza fizi, tunasugua mpaka yang'ae, kisha yanaondoka na hatujui yameenda kucheka wapi. Mjomba yuko katika kazi hii mwaka wa thelathini na moja na mtaani wengi wanadhani ni mlinzi wa kliniki. Hilo halimsumbui hata kidogo. Huniambia, "Mama, siku mtu akisema hayo ni meno mazuri ya bandia, ujue umeharibu kazi."

Mimi lilinisumbua. Naipenda kazi hii kiasi kwamba nikiwa na nta mkononi nasahau kama nina njaa, lakini nikinyoosha mgongo najiuliza, huu uzuri wote namfanyia nani, na wenzangu niliosoma nao wanaitwa kwenye maabara kubwa si kwa kuwa wananizidi mkono bali kwa kuwa wanaonekana, kila mmoja ana ukurasa wake mtandaoni na madaktari wanamfuata, na mimi nilikuwa naangalia kurasa zao kila siku huku nikijiambia siangalii.

Aliyenisukuma ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, tunamwita Meneja kwa sababu hana kazi lakini anajua kuendesha kazi za wote. Alikuja siku moja akashika taya nililolimaliza akaligeuza geuza.

"Wewe dada, hivi unatengeneza kitu kama hiki halafu unakaa kimya kama umekiiba?"

"Meno si keki, Meneja, hayaonyeshwi."

"Nani kakwambia? Watu wanaposti mpaka visigino vyao!"

Akanifungulia ukurasa palepale, akanifundisha kupiga picha karibu na dirisha juu ya kitambaa cha bluu, kuandika mistari miwili badala ya hotuba, na kuwafuata madaktari wa meno na kuchangia kwenye kazi zao neno lenye akili, si "hongera" na kuondoka. Mjomba alitoa sharti moja tu bila kuinua kichwa, "Karatasi isionekane, na namba isionekane." Nikaapa, na kiapo nimekitunza mpaka leo. Miezi minne ya kwanza watazamaji wangu walikuwa mama, mama mdogo, na muuza masufuria mmoja aliyekuwa anatangaza biashara yake chini ya kila picha yangu.

Halafu ikaja karatasi ambayo sikuwahi kuiona mfano wake. Watu wote huomba meno yaliyonyooka na meupe, lakini hii iliandikwa hivi: mwanya wa mbele ubaki, jino la kushoto lililompanda mwenzake libaki limempanda, mgonjwa hataki mtu yeyote ajue. Iliambatana na picha ya zamani iliyokatwa ikabaki midomo tu, inacheka. Nilikaa na kazi hiyo siku tatu, mwanya niliuvunja mara mbili kwa sababu ulikuwa msafi mno, haukuwa mwanya wa mtu aliyekua nao, na nilipoupata mjomba aliacha kiti chake akaja kusimama nyuma yangu, akasema, "Hiyo inacheka." Sijawahi kumsikia akisifu kitu. Nilikwenda kusimama nje kidogo.

Nikaposti. Niliandika, "Aliyeagiza haya hakutaka meno mazuri. Alitaka yake." Kesho yake asubuhi watu elfu kumi na mbili walikuwa wameipenda, madaktari wawili wa miji ya mbali waliniandikia na sasa wanatuletea kazi, na chuo nilichosoma kimenialika kuzungumza kwenye mkutano wa mafundi wa mwaka huu na wameomba picha ile ikae kwenye tangazo. Mjomba alisoma mwaliko, akaenda kunawa mikono, akarudi akausoma tena.

Siku tano baada ya kuiposti, nikiwa nakula mchana palepale mezani, likaingia neno chini ya picha: "Haki ya Mungu huu mwanya naujua! Nimeutazama kwenye kioo cha saluni miaka sita. Kumbe!" na vikaragosi vya kucheka. Aliyeandika namfahamu kwa sura, husukwa kwenye saluni ya mtaa wa pili kutoka kwetu, na msusi mwenyewe, mwenye kucheka kichwa kikienda nyuma, amenisuka mara mbili. Siku tatu nilikuwa na kinywa chake mikononi na sikumtambua, mteja wake amekitambua kwa kupita tu. Nikajibu haraka, "Hapana dada, hii ni sampuli ya mazoezi, haina mwenyewe." Akasema, "Aaa, samahani, nilishaanza kucheka." Nikafuta mazungumzo yote, nikamfungia asiuone tena ukurasa wangu. Yalikaa kama dakika arobaini. Sijui nani aliyasoma.

Sasa daktari ameniambia kwamba mwisho wa mwezi mgonjwa wa karatasi ile anarudi kukaguliwa, na ameomba kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukiomba, kumwona fundi ana kwa ana amshukuru. Mjomba sijamwambia neno. Picha bado ipo. Nikiifuta sasa chuo kitauliza, nikimwomba msusi ruhusa nitakuwa namwambia kwamba siri yake nimeshaitoa, na nikinyamaza huenda asijue maisha yake yote. Nitakuambia na hili, ambalo sijamwambia yeyote: kuna sehemu yangu inamkasirikia, kwamba kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya yeye anataka kisijulikane. Ningependa uniambie ninyamaze. Lakini kama ningeamini hivyo nisingekuandikia.

Fundi wa Chumba cha Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaitanguliza, kwa hiyo usiniambie huna muda.

Kwanza nikupongeze, maana umeandika furaha nyingi kabla ya kufika kwenye shida, na ile furaha hukuiiba. Ulifungua ukurasa, ukavumilia miezi minne na muuza masufuria, ukazungumza na madaktari kama mtu mwenye akili, na wakakujia. Hivyo ndivyo mtu wa kazi anavyojitangaza. Meneja wako anastahili kuajiriwa. Mjomba naye yuko sahihi kusema meno yasijulikane, ila sijaona mahali palipoandikwa kwamba fundi naye lazima adhaniwe mlinzi. Kutaka kuonekana hakukufanyi mwenye tamaa. Tumemaliza hapo.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Karatasi ile ilikuwa na maagizo matatu. Mawili uliyatimiza mpaka ukavunja nta mara mbili kutafuta ukweli wa mwanya. La tatu ulilisoma, ukalielewa, ukalinakili kwenye barua yako kwangu, na bado uliiweka kazi ile mbele ya watu elfu kumi na mbili. Ulificha namba ambayo hakuna binadamu anayeijua, ukaonyesha kinywa ambacho mtaa mzima unakijua. Kosa hili lingeweza kufanywa na fundi wa meno peke yake! Sisi wengine tukiona meno tunaona mtu. Wewe umezoea kuyaona yamekaa mezani bila mtu, ukadhani ndivyo yalivyo.

Hasira yako kwa msusi naielewa, na nashukuru hukuificha. Lakini hebu fikiria: mwanamke yule anasimama mbele ya kioo tangu asubuhi, kila mteja anamtazama mdomo, na bado anacheka kichwa nyuma. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu yako. Unataka sifa gani zaidi ya hiyo? Najua, unataka na zile nyingine. Utazipata, lakini si kwa mdomo wake.

Picha ifutwe leo. Si baada ya mkutano, si baada ya kuzungumza naye. Kila siku inayokaa pale ni siku nyingine ya mteja mwingine mwenye macho mazuri. Ukiweza kuondoa ile tu na ukurasa ukabaki, vizuri. Kazi zako nyingine hazina kosa ninaloliona, lakini zipitie tena moja moja, safari hii ukijiuliza kama mama wa mwenye meno angeyatambua.

Chuo waandikie leo hiihii, mistari miwili kama alivyokufundisha Meneja: picha ile naiondoa kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya mwenyewe, nitawaletea nyingine. Usieleze zaidi, wala usiwape ule uongo wa sampuli. Sidhani kama watakufutia mwaliko, ila siwezi kukuahidi. Wakiufuta, utakuwa umelipia kosa lako, na madaktari wako wawili bado unao.

Mjomba mwambie kabla ya daktari, na daktari mwambie kabla ya mgonjwa, kwa sababu mgonjwa ni wake na ana haki ya kutoshtukizwa. Daktari atakasirika. Msikilize mpaka amalize. Mjomba nadhani atanyamaza, na kwako hiyo itakuwa ngumu kuliko hasira.

Yule dada wa maoni usimrudie. Najua dhamiri yako inakuwasha umwombe radhi kwa kumdanganya na kumfungia mlango, lakini neno lolote utakalosahihisha litamthibitishia alichokiona. Uongo huo umeusema, utabaki nao wewe. Usimpe msusi abebe ili wewe upumue.

Halafu msusi. Ataingia akiwa na shukrani mdomoni, na kishawishi chako kikubwa kitakuwa kuzipokea kwanza. Usizipokee. Akishaketi, mwambie: "Dada, kabla hujanishukuru, kuna jambo nilikufanyia bila ruhusa yako." Mweleze yote: picha, siku ilizokaa, watu wangapi, neno la mteja wake na dakika arobaini. Usilie, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na hiyo si zamu yake. Usimwambie ulivyofanya kazi siku tatu. Usimwombe ruhusa ya kuirudisha picha. Siku hiyo unaomba radhi tu. Akitaka kufoka afoke. Akitoka bila kuaga, ni haki yake. Nilivyomsoma kwenye barua yako, mtu aliyedai arudishiwe mwanya wake mwenyewe anajua kusimama, basi usimfanye dhaifu kwa kumwonea huruma. Na tangu sasa, mwombe daktari aongeze mstari mmoja kwenye karatasi zenu: mgonjwa anakubali kazi ionyeshwe, au hakubali, na sahihi. Pasipo sahihi, kamera ikae mfukoni.

Limebaki tangazo la mkutano, na hili nimelifikiria kwa furaha tangu nilipomaliza kusoma barua yako. Keti kwenye kiti cha mgonjwa, bibie. Mwombe mjomba akuchukue kipimo, mmimine plasta, kisha kaa mezani kwako uchonge kinywa chako mwenyewe, jino kwa jino, na kila kilichopinda ukiache kimepinda. Tumia siku tatu, au nne ukipenda. Weka juu ya kitambaa cha bluu, karibu na dirisha, piga picha, wapelekee chuo, posti kila mahali, na andika jina lako chini kwa herufi kubwa. Hakuna sahihi utakayohitaji ila yako.

Na siku ya mkutano, mtu akisimama akauliza hayo meno ni ya nani, usijibu. Cheka tu.