Ndoo Ziko Kwenye Lori

Gaudensia,

Ndoo zote nimezipakia kwenye lori na maji yake. Ya kupikia chota kwenye pipa. Leo mchana bosi anatupima nani atabeba farasi wa kambi ya watalii kwa lori bila kuwaangusha, mimi au mkwe wake. Mkwe kajifunza na farasi wenyewe. Mimi Butiama hii farasi nitamtoa wapi? Wakubwa wanapeanaga nafasi wenyewe kwa wenyewe. Basi nazunguka na maji mpaka Bunda. Yakimwagika, farasi kaanguka.

Asubuhi mlinicheka, wewe na mdogo wako Fredy, eti baba anapeleka maji matembezi. Haya.

~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni kichwa cha sato.

Ndoo ya marehemu mama yenu iko kiti cha mbele, pale alipokuwaga anakaa. Tangu nianze mazoezi, hiyo haijamwagika hata tone.

Baba yenu