Rhobi atajibu mwenyewe

Jumanne, Kabasa

Rhobi wangu anaolewa! Binti yangu kiziwi, fundi cherehani ambaye Bunda nzima inampangia foleni.

Lakini naogopa. Wazee wa mwanaume watamuuliza mbele ya watu kama anakubali ng'ombe zao. Leo Marwa, mdogo wa mume wangu, kasema, "Shemeji, shangazi yake amjibie. Akianza mambo ya mikono watacheka, waswage ng'ombe warudi nazo."

"Kwani anaolewa shangazi?" nikamuuliza. "Atajibu kwa mikono yake, mimi nitawatafsiria."

Nilijikaza tu. Zamani wageni wakija nilikuwaga namficha chumbani, na Rhobi hajasahau. Wakimcheka je, mbele ya huyo kijana wake?

Hata hivyo, hakuna atakayemjibia. Wazee na kijana wao wanakuja Jumamosi.