Weupe Wawili Ukutani

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa marehemu fundi saa.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na binti yenu, bado hakubali kukaa ila ubavuni mwako? Mimi nipo, namshukuru Mungu. Kikohozi kinanitembelea kila asubuhi, lakini hilo nitalifikia.

Barua yako nimeipata. Nilicheka uliposema umekonda mpaka suruali inakutafuta. Umeniomba nikutumie kile kibiriti cha chuma cha marehemu shemeji yako, kiwe ukumbusho. Kabla sijakujibu, acha nikueleze habari ya ukuta.

Unakumbuka alivyofanya kazi humu chumbani. Kiti kimeegemea ukuta, meza ya saa mbele yake, dirisha limefungwa ili upepo usipeperushe vile vyuma vidogo. Mimi kando yake kwenye kigoda, nikimpa skrubu alizozitaka. Miaka ishirini na miwili. Sigara moja iliwasha nyingine. Juzi mteja alileta saa aliyotengenezewa zamani. Nilipofungua kifuniko cha nyuma ilitoka harufu yake, kidogo tu, kama mtu aliyepumua mara moja akanyamaza.

Mwezi wa pili baada ya mazishi nilimwita fundi rangi. Alipaka nyeupe, pakapendeza. Siku ya tatu ukuta ukaanza kutoa jasho la kahawia, matone yakiteremka polepole kama chai. Akausugua kwa sabuni, akapaka tena. Jasho likarudi.

"Mama, nyumba yako inavuta sigara," akanitania.

"Basi iulize inanunua wapi," nikamjibu, tukacheka wote.

Mara ya tatu hakutania. Ukuta mzima ulikuwa umegeuka kahawia, isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza palikuwa peupe, pana mabega na kichwa kilichoinamia kushoto, vile alivyoinama shemeji yako akiwa na lenzi jichoni. Kando yake palikuwa na weupe mwingine, mdogo, wa chini.

"Huyu mkubwa ni mzee," fundi akasema. "Na huyu mdogo?"

Nilileta kigoda, nikakaa, nikaegemea ukuta pale penye ule weupe mdogo. Sikuwa na haja ya kugeuka kutazama, maana nilimwona fundi akikusanya brashi zake. Aliniaga akiwa ameshafika mlangoni.

Wiki ile ile nikakipeleka kikohozi hospitali. Daktari aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha doa. Akauliza nimevuta sigara miaka mingapi. Nikasema sijawahi kuitia mdomoni. Akanitazama kidogo. "Na mumeo je?"

Ndipo nilipouelewa ukuta. Pale nyuma yangu pamebaki peupe kwa sababu fungu la pale nililipokea mimi.

Simlaumu. Mwaka wake wa mwisho hakuwa na pumzi hata ya kupuliza vumbi kwenye saa, nikawa nampulizia mimi, naye ananiambia, "Taratibu, usije ukaipeperusha saa ya watu." Hakuwahi kunywa chai kabla hajanimiminia yangu. Alinipenda, na bado ikawa hivi. Hilo ndilo linalonitisha.

Kibiriti sikutumii. Nimekitumbukiza chooni, unisamehe.

Uliniandikia kwamba jioni unakaa kwenye kochi la pembeni ukivuta, na binti yako kando yako akijaribu kuushika moshi kwa vidole. Ulidhani utanifurahisha. Nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma, sogeza kochi lile, uulowanishe ukuta kwa maji ya moto, kisha usubiri ukauke. Utazame mwenyewe, usimtume mtu.

Mimi narudi kwa daktari Jumanne. Ukuta wangu siupaki tena. Mchana napita mbele yake nikiwa na shughuli zangu, na mara nyingine nakuta nimewaamkia wote wawili.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa alichoniletea nimeshakishona. Msalimie shangazi ukimwona, na umbusu binti yetu kifuani, si shavuni. Mungu awape pumzi ndefu nyote. Niandikie haraka, hata kama ni mstari mmoja, uniambie kama weupe uliouona ni mmoja au ni wawili.

Wako akupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Dada yako wa kwenye kigoda.