Korneti ya Furaha

Jumatatu, 8 Februari 2016
Nimetoka kazini, kwa dobi la hospitali, miguu inauma. Mashuka yote yamekunjwa. Nikashuka treni kituo cha University Avenue, nikampelekea Furaha bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye karakana ya tarumbeta anakojifunza kazi. Mtoto wangu wa kwanza, msichana peke yake kati ya wazungu wazee. Anatengeneza korneti, ile tarumbeta fupi ya zamani. Walimpa moja iliyopigwa kabla babu yangu hajazaliwa, mdomo wake umeoza. Akaipima kila mahali, akaichora kwenye karatasi, sasa anaunda mpya ya kufanana nayo. Yeye na nyundo. Mzee Nils, mwenye karakana, anatazama tu. Nani kanisani ana mtoto kama huyu?

Jumatano, 10 Februari
Leo amekunja bomba. Ukilikunja tupu linabonyea. Kwa hiyo alimwaga lami ya moto ndani, ikaganda, akalikunja, kisha akaiyeyusha lami ikatoka. Bomba laini kama shingo ya bata. Nilimpigia Mama Esteri wa kanisani simu nimsimulie. Yeye akanieleza mwanawe anasomea unesi. Manesi wako wengi.

Ijumaa, 12 Februari
Imekwisha. Inang'aa. Jumatatu anakuja aliyeiagiza, kiongozi wa bendi inayopiga vyombo vya kale. Akiipenda ataagiza za bendi nzima, na mzee Nils atamwajiri Furaha kabisa. Akiikataa, mtoto anarudi kiwanda cha kuku. Nimeshindwa kula.

Jumapili, 14 Februari
Nilimlazimisha Furaha ailete kanisani. Watu walijaa. Mama Esteri akaigeuza-geuza. "Mama Furaha, hii inapika nini?" Nikamwambia, "Inapika wivu, mama." Hata pasta alicheka. Akaiombea.

Furaha alipokwenda kuwasha gari, nikatoa kichupa changu cha mafuta ya upako, yaliyoombewa na wamama wa kwetu Uvira. Gari jipya tunapaka. Nyumba tunapaka. Korneti ina pistoni tatu, vile vibonyezo vya juu: Baba, Mwana, Roho. Kila moja nikaimwagia vizuri. Sikumwambia. Tukairudisha karakanani. Wikiendi hawawashi joto mle, baridi kama friza.

Jumatatu, 15 Februari
Furaha alipiga simu nikiwa kazini. Pistoni hazishuki. Yule kiongozi wa bendi anakuja saa nane mchana.

Nikajua. Mafuta yangu ni ya zeituni, yameganda kwa baridi. Nikasema, ni mimi. Furaha akasema maneno ya Kiingereza ambayo siyaandiki humu. Halafu kwa Kiswahili: "Mama, njoo."

Bosi alinuna, nikaondoka. Nilikuta ameifungua yote. Maji ya vuguvugu na sabuni. Mimi naosha, yeye anakausha, anatia mafuta ya karakana, mepesi kama maji. Mzee Nils akauliza imeingia nini. Furaha akamwambia, mafuta ya kanisani. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nikaendelea kuosha.

Yule kiongozi akaja na koti lake refu. Akabonyeza pistoni. Zikashuka, zikapanda. Akapiga wimbo wa polepole. Nimesimama nyuma ya mlango. Sauti nene, tamu, haina makelele. Alipomaliza aliuliza nani ameitengeneza. Mzee Nils alifungua mdomo, nikamtangulia. "Ni mtoto yangu." Sijui kama alielewa. Furaha akainamisha kichwa.

Ameagiza za bendi nzima. Furaha amepata kazi. Nimempigia Mama Esteri, Mama Neema, shangazi yake Nairobi, na pasta mara mbili. Mafuta yenyewe hayana kosa. Baridi ya Minnesota ndiyo.

Alhamisi, 18 Februari
Mwenye korneti ameichukua leo. Theluji kidogo. Nilipita karakanani baada ya kazi, nikidhani nitamkuta Furaha anaimba. Alikuwa amekaa, anatazama msumari korneti ilipokuwa inaning'inia. Akasema hakuwaza kwamba itaondoka. Nilitaka kumwambia atatengeneza nyingine, nzuri zaidi. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa naye mpaka giza likaingia.